Kizamishi Kisichojua Kuachia

Katika nyumba ya Bi Unywele, ukiondoa sufuria na mashuka, ilikuwa shida kupata kitu kilichotoka dukani. Kitanda alikiunga mwenyewe. Jiko alilikunja kwa bati la pipa, na lango la mbele, ambalo majirani walilisifu kwa kufungwa kimya kama mlango wa benki, alilitia bawaba alizozikereza kwa mikono yake. Hata kamba ya kuanikia nguo ilipita juu ya kapi yenye beringi. Wifi yake, dada wa mumewe, ambaye alifika kila Jumapili kunywa chai na kusema ya moyoni, alikuwa na msemo wake kuhusu nyumba hiyo: kwamba mtu akiumwa jino humo ndani, atakerezewa jingine kabla hajapelekwa hospitali.

Jina la Bi Unywele hakujipa. Alilipata karakanani, alikosimama mbele ya mashine ya kukereza vyuma tangu alipomaliza chuo cha ufundi. Kazi yake ilikuwa kupokea mashafti ya pampu, ekseli zilizolika na vipuri vya chuma ambavyo wenyewe walikwisha kuvikatia tamaa, na kuvirudisha katika vipimo vyake. Alipomaliza kupima, aliweza kumwambia mteja aliyekwisha kutoa shukrani, "Bado. Imezidi unywele." Kisha anairudisha shafti kwenye mashine, mteja anakaa tena kwenye benchi, na wenzake wanacheka chinichini. Jina likamganda, naye hakulichukia. Kwa maoni yake vyuma duniani vilikuwa vya aina mbili tu: vinavyokaa na vinavyocheza. Kinachokaa kinaondoka na mwenyewe. Kinachocheza kinarudi kwenye mashine.

Mumewe alikuwa mvuvi wa mshipi. Hakutumia nyavu. Alirambaza, yaani alitembeza boti yake ya mbao taratibu huku mishipi yenye chambo ikikokotwa nyuma, na samaki akiamini kwamba chambo kinamkimbia. Katika miezi ya baridi kazi hiyo haina mashaka, kwa kuwa samaki huwa karibu na uso wa maji. Miezi ya joto ni jambo jingine. Maji ya juu yakipata moto, samaki wakubwa hushuka kwenye ubaridi wa chini, na mvuvi anayekokota chambo juu huambulia wale wadogo ambao hata paka huwatazama mara mbili. Kwa hiyo miezi hiyo alifunga chubwi, donge la risasi lenye uzito wa mtoto mchanga, akauzamisha mshipi hadi kinani. Na kila alipotaka kuutazama, alilivuta donge hilo kwa mkono.

Mshipi ulikuwa umepita miaka mingi juu ya vidole vilevile vya mkono wa kulia. Kwanza vilikufa ganzi asubuhi tu. Baadaye vikafa ganzi mchana kutwa, kile kidogo na jirani yake, vikabaki mkononi kama vitu vya kuazima. Daktari wa zahanati alivibonyeza kwa kichwa cha sindano, akamwuliza kama anahisi, naye akajibu kwamba anaona. Daktari hakucheka. Alimwambia kwamba akiendelea kuvuta uzito, vidole vingine vitafuata.

Habari hizo wifi alizipokea kwa vitendo. Alikuwa karani katika ghala la barafu, na kabla wiki haijaisha alikuwa amekwisha kumtafutia kaka yake kazi ya ulinzi langoni: kiti, tochi, koti zito, na kofia yenye nembo. Jibu lilitakiwa mwisho wa mwezi.

"Kaka, kule majini huna hata pa kuegemea," alimwambia. "Hapa utakaa."

"Nikae nilinde barafu isitoroke?"

"Ulinde mshahara usitoroke. Fikiri."

Mvuvi alisema atafikiri. Mkewe alikuwa akimimina chai, na alimwona jinsi alivyouweka mkono wa kulia chini ya meza kama mtu anayeficha mzigo ambao si wake. Alijua kwamba mwanamume huyo, akikaa langoni, atakaa vizuri, hatalalamika, na atakwisha.

Siku chache baadaye walikwenda pamoja kwenye duka la vifaa vya uvuvi. Mvuvi alikuwa amesikia habari za mashine mpya, ambayo mwenye duka aliiita winchi ya kina na wavuvi wenyewe wameshaibatiza jina la kizamishi. Kilikuwa nyuma ya kioo, cheusi, kinang'aa. Ukikitazama sana hakikuwa na siri: gurudumu limezungushiwa waya mwembamba wa chuma, mpini wa kulizungusha, na mkono mrefu unaotokeza nje ya boti wenye kapi kwenye ncha. Chubwi inaning'inia kwenye waya. Mshipi wenyewe unashikizwa kwenye waya kwa kibanio kidogo. Samaki akivuta, kibanio kinafunguka, na mvuvi anapambana na samaki peke yake bila kupambana na risasi. Anayebeba uzito ni gurudumu.

Mwenye duka alikuwa mtu mnene mwenye sauti laini, aliyezoea kuuza kwa kunyamaza. Alikitoa, akakiweka juu ya kaunta, akarudi nyuma hatua moja. Mvuvi alikigusa kwa mkono wa kushoto tu. Mkewe ndiye aliyekigeuza, akakipiga kwa ukucha, akachungulia ndani ya kitovu cha gurudumu, akatikisa mpini.

"Mama, unanunua au unakagua?" mwenye duka aliuliza.

"Vyote kwa zamu."

Aliifunga breki, iliyokazwa kwa nati ya plastiki yenye umbo la nyota. Kisha akaushika waya na kuuvuta kwa nguvu zake zote. Gurudumu lilikoroma, likazunguka polepole, likauachia waya.

"Inateleza," alisema.

"Imetengenezwa iteleze, mama."

Bi Unywele alimtazama kwa huruma kidogo. Alikuwa amewasikia wauzaji wengi katika maisha yake wakiugeuza ubovu kuwa sifa, na mwamba ngoma huvutia kwake. Breki inayoteleza ilikuwa breki mbovu. Hapakuwa na haja ya kubishana na mtu mzima kuhusu jambo hilo. Mumewe alisema kwamba kitu ni chepesi, na kwamba angeweza kukifunga botini siku hiyohiyo. Alisema pia, kwa sauti ndogo zaidi, kwamba wengine wanacho na hawajalalamika.

"Wengine hawana mke mkerezaji," alijibu. "Nipe mpaka mwisho wa mwezi. Nitakutengenezea kitakachovizika vyao vyote."

Mumewe alifikiri kidogo. Angeweza kusema hapana, na baadaye wote wawili walilikumbuka jambo hilo. "Haya, Fundi," alisema.

Alikitengeneza baada ya saa za kazi, kwa ruhusa ya msimamizi, ambaye alimpenda kwa sababu hakuacha takataka. Gurudumu alilikata kutoka kwenye bomba nene la alumini. Shafti ilikuwa ya chuma kisichoshika kutu, na aliikereza hadi ikaingia kwenye beringi kwa mkandamizo wa dole gumba. Kwa breki hakutaka mchezo. Kando ya gurudumu aliweka gurudumu dogo la meno, na juu ya meno hayo akaweka kidole cha chuma chenye springi. Ukizungusha kupandisha, kidole kinaruka jino kwa jino, taratibu, mlio wake kama saa ya ukutani. Ukiacha, kinang'ata, na gurudumu haliwezi kurudi nyuma hata likipigiwa magoti. Kitako alikitengeneza kwa bamba ambalo mtu angeweza kusimamishia nguzo ya umeme.

Mumewe alipita karakanani jioni moja akiwa na mchango wake: kibanio cha mti cha kuanikia nguo, amekizungushia vipande vya mpira wa tairi la baiskeli kwenye midomo. Alikuwa amekijaribu kwa siku kadhaa, akipunguza mpira na kuuongeza. Bi Unywele alikitazama kama daktari anayeonyeshwa hirizi.

"Hiki ni cha nguo."

"Kilikuwa cha nguo. Sasa kinaachia samaki akivuta. Ndiyo kazi yake."

Alikubali kukiweka, kwa kuwa ndoa nayo ina vipimo vyake. Lakini moyoni alikihesabu kwamba ni cha muda, mpaka apate nafasi ya kukereza cha shaba.

Siku ya kumaliza, alikifunga kizamishi kwenye jiriwa, akaufunga waya kwenye injini ya gari iliyokuwa ikiningʼinia kwa mnyororo, kisha akaulegeza mnyororo. Injini ilikaa hewani ikishikwa na kidole kimoja cha chuma. Aliweka alama ya chaki kwenye gurudumu na akaenda kunawa mikono. Aliporudi, alama ilikuwa palepale. Wenzake walipiga makofi, na mmoja alisema kwamba sasa kilichobaki ni samaki wa kukistahili.

Wakakifunga botini, nyuma, upande wa kulia, kwa boliti nne zilizopenya ubao wa ukingo na kushikwa kwa bamba jingine upande wa ndani. Asubuhi iliyofuata Bi Unywele alipanda boti, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi, kwa sababu boti ni kitu kinachocheza. Alikaa karibu na kizamishi akiwa na spana mfukoni. Mumewe alikaa kwenye usukani wa injini, ambao aliushika kwa mkono wa kushoto.

Walipofika kwenye maji marefu, alipunguza mwendo, akasogea, na mkewe alipokiinua kidole cha chuma akaizungusha chubwi chini kwa mkono huohuo wa kushoto. Ilishuka kwa upole. Alipotaka kujaribu kuipandisha, aliipandisha, kisha akaishusha tena, ingawa hakukuwa na sababu. Mkewe aligeuza uso kutazama ng'ambo, kwa heshima, kama mtu aliyemkuta mwenzake akisali. Haukupita muda mrefu kibanio cha nguo kikafunguka, mshipi ukaruka kutoka kwenye waya, na mvuvi akamleta botini samaki mwenye mgongo mpana, ambaye miezi hiyo alikuwa hajamwona ila kwa wenzake.

"Wewe mtu," alimwambia mkewe.

Mwamba waliukuta wakiwa njiani kurudi. Ulikuwa chini kabisa, mahali alipopajua lakini hakuwahi kupapita kwa kina hicho. Chubwi iliingia kwenye ufa ikashikwa. Boti ilikuwa bado inakwenda. Waya ulikaza, ukaanza kuimba, na sehemu ya nyuma ya boti ikavutwa chini upande wa kulia kana kwamba kuna mtu aliyeikalia.

Mvuvi alizima injini papo hapo. Lakini boti nzito haisimami kwa kuambiwa, na mawimbi yaliyokuwa yakija kutoka nyuma yaliendelea kuisukuma. Maji yalipanda ukingoni, yakaingia.

"Achia," alisema.

Bi Unywele alikuwa amekwisha kukishika kidole cha chuma. Hakikuinuka. Kilikuwa kimeng'ata jino kwa uzito wote wa boti, na kila alivyokibetua ndivyo kilivyozidi kukaa, kama alivyokifundisha.

"Hakiachii."

"Achia, mke wangu."

"Nakwambia hakiachii."

Maji yaliingia kwa mara ya pili. Kisu cha mvuvi, kilichokata mishipi maisha yake yote, kilipita juu ya waya wa chuma bila kuacha hata mkwaruzo. Kamba hukatikia pabovu, na hapo waya haukuwa pabovu, wala meno, wala shafti, wala boliti. Ubao wa ukingo ndio uliotoa sauti, ukapasuka kutoka kwenye boliti ya mwisho hadi karibu na benchi, ukafunguka kama kitabu. Katika mtikisiko huo waya ulilegea kidogo. Bi Unywele alikipiga kidole kwa spana. Kikainuka, gurudumu likalia, na waya wote ukaisha, ukaenda na chubwi yake chini.

Walirudi yeye akiteka maji kwa kopo na mumewe akiiegemeza boti upande wa pili. Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Walipofika, mvuvi aliinama akatazama pale penye mpasuko, akapitisha kidole juu ya nati.

"Boliti zako hazikusogea hata kidogo," alisema.

Hakukuwa na kejeli katika sauti yake. Mkewe alitafuta kejeli njia nzima ya kwenda nyumbani, kwa maana ingekuwa rahisi zaidi, na hakuipata.

Jumapili wifi alikuja. Habari alikwisha kuzisikia, na alijizuia mpaka kikombe cha pili.

"Wifi yangu," alisema, "wenzako wanatengeneza kizamishi. Wewe umetengeneza nanga."

Mvuvi alicheka. Alicheka kwa muda mrefu, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, na mkewe akaona kwamba kicheko hicho kilikuwa cha mtu aliyetua kitu. Kisha wifi akauliza jibu la kule kazini, akisema wakubwa wanataka kujua.

"Waambie nitapita nilipime lile koti," mvuvi alijibu. "Nisije nikalinda barafu nimebanwa kwapani."

Bi Unywele alikusanya vikombe. Alivisuuza kimoja kimoja, akavipanga juu ya kitambaa, na aliporudi aliketi mbele ya mumewe.

"Kesho twende tukanunue kile cha dukani," alisema.

Wifi aliangalia mmoja, akaangalia mwingine, akachukua mkoba wake.

Mwenye duka hakuonyesha kushangaa. Alikiweka kizamishi juu ya kaunta palepale, akarudi nyuma hatua yake moja. Safari hii Bi Unywele hakukigusa. Alimsogezea mumewe.

Mvuvi alizungusha mpini kwa mkono wa kushoto, akaridhika. Kisha akaujaribu kwa namna atakavyokuwa botini, mkono wa kushoto ukiwa umeshika usukani wa injini wa kufikirika. Alitoa mkono wa kulia mfukoni, akauweka kwenye ile nati ya nyota ili aikaze breki. Nyota ilikuwa ndogo, imefinyangwa kwa ncha za vidole vitano vyenye afya. Vidole vyake viwili vilipita pembeni. Vitatu vilishika, vikateleza, vikashika tena. Alijaribu kwa kiganja, lakini kiganja hakikupata pa kukaa. Mwenye duka, kwa nia njema, alimwambia atazoea.

"Mkono ndio uliochoka kuzoea," mvuvi alisema, akaurudisha mfukoni.

Bi Unywele aliitazama ile nyota. Alikuwa amepima gurudumu, shafti, meno, unene wa ubao wa boti na urefu wa waya. Mkono wa kulia wa mumewe, ambao kwa ajili yake kazi yote hiyo ilifanyika, hakuwahi kuupima. Alimwomba mwenye duka ruhusa, akaikaza nyota mwenyewe kidogo, akavuta waya. Gurudumu likakoroma na kuachia. Akaikaza zaidi, akavuta. Likaachia kwa uzito zaidi. Alirudia mpaka mwenye duka akaanza kutazama mlango.

"Samahani, baba," alimwambia. "Ile siku ulisema kimetengenezwa kiteleze. Nilikuwa sijakusikia."

"Ulinisikia, mama. Hukunipenda tu."

Walitoka bila kununua. Njiani alimwuliza mumewe swali ambalo kwa miaka yote ya ndoa hakuwahi kumwuliza: chubwi ilipokuwa ikinasa mwambani, zamani, mkono wenyewe ulikuwa unafanya nini? Mvuvi alisema kwamba unaachia. Akamwuliza unaachia vipi, wote au nusu. Alisema hajui, unaachia tu. Kisha akasimama barabarani akifikiri, watu wakampita.

Walipofika nyumbani alichukua mshipi mnene, akampa mkewe ncha moja, akamsimamisha karibu na lango na kumwambia avute kama yeye ni mwamba. Ncha nyingine aliipitisha kwenye mkono wa kushoto, kati ya dole gumba na vidole. Bi Unywele alivuta. Mshipi haukukataa na haukukubali. Ulikuja, lakini kila alichokipata alikilipia, na alipovuta kwa nguvu zaidi ulimjia kwa haraka zaidi kidogo, bila kumwangusha, na alipopunguza ulisimama bila kumrudisha. Alirudia mara nyingi, amefumba macho. Hakuwa na neno la kuitaja hali hiyo. Haikuwa kukaa na haikuwa kucheza.

"Kiasi gani?" aliuliza.

"Kiasi gani nini?"

"Unabana kiasi gani? Nipe kipimo. Nina mizani ya kuning'iniza, tufunge hapa, usome."

"Fundi, kikiwa na kipimo nitakuwa nimekwisha kuzama nikikisoma. Upepo ukibadilika kinabadilika. Boti ikiwa na mzigo kinabadilika."

"Kwa hiyo nikaze kwa kufuata nini?"

"Wewe usikaze," mumewe alisema. "Nitakaza mimi."

Bi Unywele alikwenda karakanani kesho yake, akaliondoa gurudumu la meno. Kidole cha chuma alikifungua, akakiweka katika kopo la vyuma chakavu, na aliyekiona alidhani amekosea. Badala yake aliweka visahani viwili, na kati yake vipande vya duara vya ngozi alivyokata kwenye mkanda wa mashine iliyokufa zamani, akavipaka mafuta kidogo. Nati ikikazwa, visahani vinaibana ngozi na gurudumu linashikwa. Uzito ukizidi, gurudumu linateleza likiwa limeshikwa vilevile. Ilikuwa kazi rahisi kuliko ile ya kwanza, na ilimchosha zaidi.

Kilichobaki kilikuwa nati yenyewe. Jioni alimketisha mumewe mezani, akamfungua kiganja cha mkono wa kulia na kukipima kwa kalipa yake ya kazini, upana, kina cha katikati, umbali kutoka kwenye mzizi wa dole gumba.

"Unanipima jeneza?"

"Tulia. Mkono ukitikisika nakosea."

"Tangu lini unywele ukaingia kwenye mkono wa mtu?"

Kesho yake Bi Unywele alikereza kitasa cha mti mgumu, kikubwa kama limau, bapa upande mmoja, kilichojaa kiganjani bila kuhitaji kidole hata kimoja, na katikati yake akazamisha nati ya shaba. Mumewe alikizungusha kwa kukisukuma kwa kisigino cha mkono. Alikizungusha mbele, akakizungusha nyuma, akauliza kama anaweza kukiacha karibu na kitanda.

Ubao wa boti ulibadilishwa na seremala, na waya mpya ukafungwa chubwi nyingine. Boliti walizirudisha mbili badala ya nne, kwa shauri la mvuvi, naye Bi Unywele akazifunga, ingawa seremala alimwona akizitazama kwa muda. Mwezi ulikuwa umebakiza siku chache. Koti la ulinzi lilikuwa limekwisha kuletwa nyumbani na wifi, likaning'inizwa kwenye msumari, na lilimtosha mvuvi kabisa.

Siku waliyotoka tena, mvuvi hakuukwepa mwamba. Aliufuata. Mkewe alipotambua wanakoelekea alimtazama, naye akasema kwamba ni heri wajue leo, maji yakiwa yametulia, kuliko kujua siku nyingine. Chubwi ilikuwa chini. Mkono wa kushoto ulikuwa kwenye usukani, na ule wa kulia umefunika kitasa. Bi Unywele alikuwa amekaa kwenye benchi, spana ameiacha nyumbani kwa makusudi, mikono ameikalia.

Waya ulikaza. Nyuma ya boti ikainama kidogo, na gurudumu likaanza kukoroma. Lilizunguka polepole, likitoa waya kwa shida, ngozi ikilia kati ya visahani. Katika masikio ya Bi Unywele sauti hiyo ilikuwa ni sauti ya kila kitu alichowahi kukikataa na kukirudisha kwenye mashine. Alitaka kusema kwamba imelegea mno. Alimwona mumewe akisukuma kitasa, kiasi cha kupepesa jicho, na mkoromo ukashuka. Kisha akakirudisha, na ukapanda. Hakutazama kizamishi hata mara moja. Alitazama maji mbele, kama mtu anayezungumza na mwingine gizani. Boti ilipunguza mwendo, ikajivuta, ikasimama, kavu. Aliirudisha nyuma taratibu juu ya mwamba, na chubwi ikatoka ilikoingia.

"Ilikuwa imelegea," Bi Unywele alisema.

"Kidogo. Nilitaka uisikie."

Walivua hadi jua lilipokuwa kali, na walivua vya kutosha. Wakiwa wanarudi mvuvi alimwambia, bila kugeuka, kwamba lile koti angelirudisha kwa dada yake mwenyewe, mkewe asihangaike kulibeba, maana maneno yatakuwa mengi. Yakawa mengi kweli. Wifi alisema kwamba bahati haigongi mlango kila siku, na kwamba mtu akipendelea maji kuliko kiti asije akamlilia yeye. Kisha akauliza kama samaki wale wana wenyewe, akachagua aliyemtaka.

Jioni hiyo, wakati wa kufungua kizamishi na kukisuuza, Bi Unywele aliuliza tena, kwa mazoea ya kazi, mwishowe kitasa kilikuwa kimekaza kiasi gani. Mumewe alimnyooshea mkono wa kulia. Kwenye nyama ya kiganja, chini ya vile vidole viwili visivyohisi, kitasa kilikuwa kimeacha alama nyekundu ya mviringo. Bi Unywele aliushika mkono huo kwenye mwanga, akaigusa alama kwa ncha ya kidole, na kumwuliza kama hapo anahisi.

"Hapo nahisi," alisema.